Muhuri wa Jengo la Mawe

Siku Bertrand alipokutana na bahati yake, alikuwa amekwenda mahakamani kama mshtakiwa. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Alipanda treni Granville akashuka Parramatta, vituo viwili tu katika jiji la ng'ambo alikohamia, bila kugusisha kadi ya nauli. Wengine hulipa faini yakaisha. Bertrand alichagua kusimama mbele ya hakimu, kwa sababu aliamini hajazaliwa mtu wa kumsikiliza kwa dakika tano na kubaki na msimamo wake. Alikuwa ametayarisha hotuba yenye kambi ya wakimbizi mwanzoni, mgongo mbovu katikati na chozi moja mwishoni.

Hakimu, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisoma karatasi, akamtazama, akamwachia kwa onyo kabla hotuba haijafika mgongoni. Bertrand alitoka amenuna, kama mpishi ambaye wageni wake wameshiba kabla hajapakua.

Ndipo alipoiona meza.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia, chini ya saa kubwa ya ukutani. Nyuma yake alikaa bibi mmoja wa Kizungu mwenye sweta la kufuma na beji kifuani iliyosema Cheryl. Mbele yake kulikuwa na foleni ya watu wenye karatasi. Kila mmoja alitoa hati ya asili na nakala yake. Cheryl alizilinganisha mstari kwa mstari, akagonga muhuri kwenye nakala, akatia sahihi, akasema asante, utadhani yeye ndiye aliyesaidiwa. Mzee mmoja wa Kivietnam alipotoa pochi, Cheryl aliisukuma kwa rula, taratibu, mpaka ikarudi upande wa mwenyewe.

Bertrand akaketi kwenye benchi. Alikaa saa nzima. Aliona mihuri arobaini na mmoja ikigongwa bure, na moyo ukamuuma kwa kila mmoja.

Alijua jambo ambalo Cheryl hakulijua. Alikulia kambi ya Mtabila, upande wa Tanzania, na huko muhuri ulikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa na bawabu, na bawabu alikuwa na binamu. Mtu aliyekulia hivyo ukimwambia kwamba muhuri ni bure, hafurahi. Anaingiwa na wasiwasi. Anauliza muhuri huo una kasoro gani. Kati ya ile bure ya Cheryl na wasiwasi wa watu wetu kulikuwa na nafasi, na Bertrand aliipima kwa macho akaona inamtosha kabisa mtu mmoja mwenye suti.

Suti aliipata duka la mitumba la Granville, ya bluu iliyokolea, nzuri kwa nje, bitana imechanika kwa ndani. Kazi ya ghala kule Villawood aliiacha wiki ileile kwa sababu ya mgongo, na mgongo ukapona siku ileile aliyoiacha.

Biashara ilikwenda hivi. Alhamisi, siku ya Cheryl, mteja alikutana na Bertrand saa tatu na nusu asubuhi kwenye ngazi za mahakama. Bertrand alimshika mkono, maana wengi walikuwa wazee, akamsalimia na kumuulizia watoto wake kwa majina, wote, bila kukosea. Hilo alilifanya vizuri kuliko wachungaji wengi. Kisha alimpeleka ukutani.

"Weka mkono hapa, mama. Unasikia ubaridi? Jiwe hili lilichongwa na wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza. Mmoja aliiba kondoo, mwingine leso. Wakajenga kwa mikono yao nyumba ya kuhukumia wenzao. Muhuri ukigongwa ndani ya nyumba kama hii, ofisi gani itathubutu kuukataa?"

Nusu ya kwanza ilitoka kwenye kibao cha shaba kilichokuwa mlangoni, ambacho Bertrand alikisoma mara mbili. Nusu ya pili aliiongeza mwenyewe.

Baada ya hapo alichukua bahasha, akamketisha mteja kwenye benchi la nje, kivulini wakati wa joto na juani wakati wa baridi, akaingia peke yake. Alipanga foleni kama watu wengine. Fomu za viapo hakuzigusa, kwa kuwa Cheryl alitaka kumwona anayeapa kwa macho yake. Yeye alikuwa mtu wa nakala tu. Baada ya dakika ishirini alitoka akijifuta jasho, hata Julai, watu wakiwa na makoti.

Pesa hakuchukua. "Mahakama haipokei pesa," alieleza kwa sauti ya chini. "Pesa ni rushwa. Shukrani ni utamaduni." Shukrani ilikuwa kitenge ambacho hakijakatwa, au debe la mafuta ya mawese, au dagaa wa Tanganyika waliotumwa na shangazi kutoka Uvira wakasafiri nchi nne. Gereji aliyopanga Granville ilijaa hadi mlangoni, na mwisho wa wiki aliviuza kidogo kidogo kwa jamaa za watu walewale waliovitoa.

Mmoja tu alimsumbua, dada wa Kikalenjin aitwaye Jerotich, aliyesomea uuguzi na asiyependa kuzungushwa. Alimsimamisha kwenye ngazi mkono kiunoni.

"Kaka, kwani hii kitu si ni bure? Niliskia hata library wanagonga."

"Wanagonga, dada, nani amekataa?" Bertrand alisema. "Nenda. Watakugongea muhuri wa maktaba. Wewe unataka viza au unataka kuazima kitabu?"

Jerotich alifikiri kidogo, akatoa kitenge.

Mzee Gad, kwa upande wake, alirudi baada ya wiki mbili kulalamika kwamba muhuri wake ni mdogo kuliko wa jirani. Bertrand alimwambia mkubwa upo lakini una foleni yake, na mzee akaongeza kilo mbili za dagaa. Wiki iliyofuata Cheryl aligonga muhuri uleule kwa nguvu zaidi kidogo kwa sababu wino ulikuwa mpya, na Gad akaondoka ameridhika sana.

Cheryl naye alimpenda Bertrand. Aliona kijana nadhifu anayewaleta wazee kila wiki, anayepanga foleni kwa niaba yao ili wasisimame, na alimsimulia kila aliyekunywa naye chai. Alimwita mpenzi, lakini huyo alimwita kila mtu mpenzi, hata polisi wa mlangoni.

Hapo ndipo alipoingia Mama Honorine.

Alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa mji wa Baraka, umri wa miaka sabini na moja, anayeishi peke yake ghorofa ya pili karibu na reli ya Granville. Mjukuu wake Aline alikuwa bado kambini Nyarugusu, na faili la kumleta lilitaka nakala kumi na moja zenye muhuri. Bertrand alikwenda kwake kuzichukua, akatazama huku na huku kutafuta shukrani. Hapakuwa na kitenge wala mafuta. Palikuwa na kitanda, meza, picha ya Aline, na pembeni ya dirisha cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika pale mkono wa mtu ulipopita miaka yote.

Cherehani hiyo ilimlisha Honorine na watoto wanne kambini. Siku ya kupanda ndege aliruhusiwa kilo ishirini na tatu. Cherehani ilikula kumi na nne, naye akaacha sufuria, blanketi na viatu vya Jumapili. Haya aliyasimulia mwenyewe, akimimina chai, wala hakuyasimulia ili ahurumiwe.

Bertrand alikuwa anamfahamu mwenye duka moja la vitu vya kale ambaye hutafuta mashine kama hizo aweke dirishani na chombo cha maua juu yake. Akakohoa, akasema kwamba faili la mtu anayevuka bahari ni zito, na jambo zito lina shukrani yake kwa mkubwa wa mahakama.

Honorine aliitazama picha ya Aline, kisha cherehani.

"Kashe ikipatikana, utakuja kuichukua mashine," alisema; muhuri kwao huitwa kashe.

Kashe zikapatikana, zote kumi na moja, na Jumatatu Bertrand akaja. Alipovua koti ili ainue mzigo, Honorine akaiona bitana.

"Umetembea hivi mahakamani, mwanangu? Lete hapa kwanza."

Akaketi, akatia uzi, akazungusha mkono wa cherehani, akaishona bitana yote kuanzia kwapani hadi chini, mshono mdogo mdogo wa mtu asiye na haraka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho. Akaifuta mashine, akaitia mafuta, akaifunga kwa kanga.

"Huyo mkubwa wa mahakama atakayeitumia, umwambie asizungushe kinyume. Itakata uzi."

Bertrand akaahidi kumwambia. Akashuka ngazi na kilo kumi na nne mikononi, na kitu fulani kilimbana kifuani. Aliamua ni uzito. Jioni alipiga simu dukani, na mwenye duka akasema atakuja kuiona Jumamosi, saa nne asubuhi.

Alhamisi Bertrand alifika mahakamani na bahasha tatu. Akiwa katikati ya ukumbi, mlango wa chumba cha kesi ukafunguka, akatoka Mama Honorine kwa gauni la kanisani na boksi la plastiki mkononi. Kabla hajauachia mlango aligeuka, akainamisha kichwa kwa heshima kuelekea ndani, kwa hakimu.

"Wote wanafanya hivi wakiingia na wakitoka," alimwambia Bertrand, kana kwamba walikuwa wameagana dakika mbili zilizopita. "Watu wenye adabu. Nimekaa nyuma kabisa. Mmoja ameshtakiwa na jirani kwa sababu ya uzio, mwingine mbwa wake aliuma postamani. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Mlango uko wazi tu, mtu yeyote anaingia anasikiliza."

Bertrand akauliza amefuata nini.

"Nimekuja kushukuru. Mtu akikusaidia, unatuma mtu akushukurie? Hiyo ni nusu shukrani."

Katika mipango yake yote, hilo Bertrand hakuwa amelihesabu. Alikuwa ameziba mlango wa wanaouliza, wa wanaolalamika na wa wanaotaka muhuri mkubwa. Wa wanaorudi kushukuru aliuacha wazi. Alimtazama Cheryl aliyekuwa ameinamia karatasi za watu, akauliza kama wamezungumza.

"Tulizungumza kidogo. Kizungu chake kinakimbia." Honorine akaketi kwenye benchi, akaweka boksi magotini, akapapasa nafasi ya pembeni yake. "Kaa, mwanangu. Kuna jambo la faida yako."

Bertrand akakaa. Neno faida lilikuwa linamkalisha tangu utotoni.

Honorine alimwonyesha kwa kidevu. Pembeni ya meza ya Cheryl palikuwa na meza ya pili, tupu, yenye kiti. Alieleza kwamba mahakama inatafuta mtu wa kukaa pale kila Alhamisi, mwenye Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, awaelekeze Waafrika wanaoingia hawajui waanzie wapi. Atakuwa na beji kama ile ya Cheryl, yenye jina lake na nembo ya mahakama.

Bertrand aliitazama ile meza, na ikaanza kung'aa. Hakuna tena kusubiri kwenye ngazi. Hakuna tena habari za wafungwa na kondoo. Mahakama yenyewe ingemletea watu, wa Parramatta, wa Auburn, wa Blacktown, wote, wakimkuta ndani, kwenye kiti, na beji kifuani. Nani tena angeuliza kama ni bure?

"Hiyo beji inapatikanaje?"

"Mimi naweza kukupatia."

"Wewe, mama? Kwa njia gani?"

"Wewe ukiingia na karatasi za watu, huwa unawaambia njia yako?"

Bertrand alikiri kwamba huwa hawaambii.

"Basi na mimi nina yangu. Ninataka vitu vyote vilivyo kwenye gereji."

Bertrand akacheka. Honorine hakucheka. Alifungua boksi, akahakikisha mandazi yake hayajapondeka, akafunga tena.

"Haidhuru," alisema. "Kuna Adrien, yule Mrundi mwenzako wa Auburn. Naye ana suti."

Hapa yafaa kueleza kilichopita kichwani mwa Bertrand, maana mtu mwenye akili zake anaweza kushangaa. Kwa miezi saba alikuwa akiuza kitu cha bure, lakini moyoni mwake hakuwahi kuamini kwamba ni cha bure. Haiwezekani. Jengo la mawe, saa kubwa, hakimu, polisi mlangoni, halafu muhuri utoke hivihivi? Alijua kwamba mahali fulani, pengine ghorofa ya juu, kuna mtu anakula. Alichokosa ni njia ya kumfikia. Na sasa bibi huyu wa kanisani, kwa wiki moja tu, alikuwa ameipata. Bertrand alimtazama kwa heshima mpya, jinsi fundi anavyomtazama fundi.

"Nusu ya gereji," alisema.

"Yote. Na cherehani nipewe leo."

"Leo? Beji sijaiona."

"Vitu vingine vitangoja beji. Cherehani haingoji. Ninajua inaondoka Jumamosi. Yule mwenye duka ni mteja wa Lydie wa kanisani, anamfanyia usafi. Amejisifu kwake."

Bertrand akatoa simu. Akapiga dukani na kusema mashine imepata mtu. Saa tisa mchana ilikuwa imerudi pembeni ya dirisha, na Honorine aliijaribu kwa kipande cha kitambaa kabla ya kumruhusu aondoke.

Wiki zilizofuata zilimchosha. Kulikuwa na fomu ndefu, na Bertrand alitia sahihi kila palipowekwa alama, bila kusoma, kwa sababu katika kazi yake wanaosoma ni wengine. Kulikuwa na ukaguzi wa polisi, ambao ulimkosesha hamu ya kula siku sita, ukarudi safi, maana hata lile kosa la treni liliishia kwenye onyo. Kulikuwa na mafunzo ya mchana mara mbili, aliyoyapitia amelala macho wazi. Na kulikuwa na mahojiano na Ronnie, mkuu wa kitengo hicho ghorofa ya juu, mwanamume mnene mpole mwenye tai yenye picha za kasuku. Bertrand alimchunguza kwa makini, akitafuta dalili za mtu anayekula. Aliona bakuli la tufaha na picha za wajukuu.

Ronnie alimuuliza kwa nini anataka kuwasaidia watu.

Hatimaye hotuba ikapata mahali pake. Bertrand aliieleza kambi, akaeleza wazee wanaosimama mbele ya milango ya ofisi wasijue wabishe au wangoje, akaeleza mama yake mwenyewe aliyekaa siku tatu nje ya ofisi kwa karatasi moja, na bawabu akimpita kama anavyopita kiti. Hilo la mama yake halikuwamo kwenye hotuba. Lilitoka lenyewe, na ndilo lililokuwa la kweli. Chozi lilikuja bila kuitwa. Ronnie akavua miwani akaifuta kwa kasuku.

Jumanne barua pepe ikafika. Beji imechapishwa, jina lake liko juu, aanze Alhamisi.

Jumatano Bertrand aliazima gari dogo la mizigo la rafiki yake, akaijaza gereji yote ndani yake, na kuishusha kwenye ukumbi wa kanisa. Vitenge, madebe, dagaa, mafungu ya unga wa muhogo, thermosi sita. Honorine alikuwa amekaa mlangoni na daftari la majina. Bertrand alifikiri anagawa mafungu ya wakubwa wa ghorofa ya juu, akamsifu moyoni kwa mpangilio mzuri. Gereji ilibaki tupu hata buibui walionekana wageni. Haikumuuma. Mkulima naye huzika mbegu.

Alhamisi saa tatu asubuhi Ronnie alimbandika beji mwenyewe. Cheryl alimletea mto wa kukalia aliofuma. Bertrand akaketi nyuma ya meza ya pili, akanyoosha tai, akatazama mlango.

Wakaingia.

Mzee Gad alikuwa mbele, na mfuko wake wa dagaa uleule chini ya kwapa. Nyuma yake Jerotich, amejifunga kile kitenge chake. Nyuma yake mama wa mafuta ya mawese, na mwalimu wa thermosi, na wengine, uso baada ya uso wa watu aliowajua mpaka majina ya watoto wao, kama thelathini hivi, wamevaa nguo nzuri.

"Tumeambiwa sasa unakaa ndani," Gad alisema, akaegemea meza na kushusha sauti. "Nina karatasi moja mpya. Ile kashe kubwa bado ipo?"

Mkono wa Bertrand ulikuwa tayari unaelekea kwenye mfuko wa dagaa, wenyewe, kwa mazoea. Rula ikatua juu ya kidole chake, taratibu.

"Hapana, mpenzi," alisema Cheryl, akamgeuzia beji yake upande wa nyuma ili aisome.

Bertrand akasoma. Maandishi yalikuwa madogo lakini hayakuwa na mzunguko. Mwenye beji hii anajitolea. Halipwi. Haruhusiwi kupokea pesa wala zawadi ya aina yoyote kutoka kwa mtu yeyote. Kisha akakumbuka sahihi zote zile alizoweka, na kwamba moja ilikuwa chini ya ahadi ya kukaa pale mwaka mmoja.

Akainua macho. Jerotich alikuwa amekunja mikono, anatabasamu mpaka magego.

"Kaka," alisema, kwa sauti ya ukumbi mzima, "kwani hii kitu si ni bure?"

Foleni yote ikasogea karibu kungoja jibu. Ronnie alikuwa kwenye ngazi, amefurahi. Polisi wa mlangoni naye aligeuza kichwa.

"Ni bure, dada," alisema Bertrand. Lilimtoka kwa shida, kama mwiba wa dagaa.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Alifanya kazi mpaka saa saba. Aliwapanga, akawatenganishia hati za asili na nakala, akamtafsiria Cheryl, akamweleza Gad kwamba muhuri ni mmoja tu kwa watu wote, hata kwa waziri. Gad alihuzunika. Mama mmoja mgeni, aliyekuja na barua ya kodi ya nyumba, alishikwa mkono akapelekwa mpaka kwenye dirisha linalohusika, akaketishwa, akaulizwa watoto wake wanaitwa nani. Bertrand alishangaa kuona miguu yake inajua njia.

Saa ya chakula alitoka nje. Honorine alikuwa amekaa kwenye ngazi za mawe, juani, boksi magotini.

"Niambie jambo moja tu," Bertrand alisema, akaketi ngazi ya chini yake. "Kwa beji hii ulimlipa nani, na ulimpa nini?"

"Niliomba."

"Uliomba."

"Kuna tangazo ukutani, karibu na choo. Wanatafuta watu wa kujitolea. Jerotich alinisindikiza asubuhi ile, akanisomea. Nikamwomba yule mama, akasema hata yeye alikuwa anataka kukuambia, ila aliona haya, kijana mwenye shughuli kama wewe. Ilikuwa njiani inakuja kwako bure."

Bertrand alitazama barabara, magari yakipita, watu wa ofisini na vikombe vyao vya kahawa. Aliwaza gereji nzima. Aliwaza wale buibui.

"Ulijuaje?" aliuliza. "Ile siku ya kwanza."

"Nilimletea Cheryl mandazi ya kumshukuru. Akakataa. Nikamsihi, akakataa. Nikamwachia mezani, akanifuata mpaka mlangoni kunirudishia, na unaona magoti yake yalivyo. Nikasema, mtu anayekataa andazi moja hajachukua cherehani yangu."

"Polisi walikuwa pale mlangoni, mama. Mbona hukuwaambia?"

"Wangechukua cherehani iwe ushahidi, ikae stoo ya serikali miaka miwili. Aline atavaa nini akifika?" Akamtazama koti. "Na wewe ulimshika mkono kila mzee kwenye hizi ngazi. Nilikuona. Hilo hakuna aliyekulipa, ukawa unalifanya tu. Bitana imekaa vizuri?"

Bertrand alipapasa kwapani. Ilikuwa imekaa vizuri.

Honorine akafungua boksi. Mandazi yalikuwa ya asubuhi hiyo, yenye iliki, bado yana ujoto. Akamsogezea. Bertrand hakuwa ameonja kitu tangu alfajiri, na mkono ukaenda. Kisha ukasimama hewani. Aliiona beji kwenye koti lake, na kule juu ya ngazi, nyuma ya kioo cha mlango, sweta la kufuma limesimama linatazama.

"Siruhusiwi, mama," alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe inasema hivyo, alishangaa kuliko Honorine.

Honorine akafunga boksi, akafuta chembe za sukari juu ya kifuniko.

"Cheryl alikataa mara tatu," alisema. "Wewe ndiyo kwanza moja. Nitakuletea tena Alhamisi tuone."